Barua ya wazi kwa wakuu wa hali ya hewa na wa Kiswahili: mawingu ya juu yapewe jina

Kwa: Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, BAKITA na BAKIZA (mabaraza ya Kiswahili ya Tanzania na Zanzibar), Taasisi ya Elimu Tanzania, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, Zanzibar.

Yah: Jina la Kiswahili la mawingu ya juu kabisa

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari mkoani Tanga, na nina ombi moja. Kaeni pamoja mkubaliane jina la Kiswahili la yale mawingu meupe, membamba, yaliyochanuliwa kama nywele juu kabisa angani, ambayo wataalamu wa dunia nzima huyaita kwa neno la Kilatini cirrus. Mkishakubaliana, jina hilo litumike kwenye utabiri wa kila jioni, kwenye vitabu vya shule na kwenye kamusi. Pendekezo langu ni kishungi. Nimeandika barua hii kuwaeleza kwa nini.

Utabiri tunaousikia leo ni huu: "Hali ya mawingu kiasi, mvua nyepesi katika maeneo machache na vipindi vya jua." Sentensi hiyo kila msikilizaji anaijua kwa ghibu. Inamfaa anayetaka kujua abebe mwavuli au auache. Lakini yale maneno mawili, mawingu kiasi, yamebebeshwa mzigo mkubwa mno. Yanataja mawingu mazito ya chini yanayoingia kutoka baharini wakati wa kusi na kuangusha rasharasha Pangani asubuhi, na hayo hayo yanataja nyuzi za barafu zilizo kilomita kumi juu, ambazo hazitadondosha hata tone shambani kwa mtu. Mkulima wa Handeni aliyekwisha kulima na sasa anangoja mvua za kwanza anatazama juu anaona weupe, anasikia "mawingu kiasi", anakumbuka methali tuliyokuzwa nayo sote: dalili ya mvua ni mawingu. Mawingu gani? Sisi tuliosoma tunalo jibu, na hatujampa kwa lugha yake.

Jina cirrus lilitungwa na mtu, na siku zake zinajulikana. Desemba 1802, jijini London, mtengeneza dawa mmoja aitwaye Luke Howard alisimama mbele ya chama kidogo cha wapenda sayansi, Askesian Society, akawasomea insha juu ya maumbo ya mawingu. Alikuwa na miaka 30. Hakuwa profesa wala hakupita chuo kikuu. Alikuwa Mkwekari, yaani mfuasi wa dhehebu moja la Kikristo, na siku zile Wakwekari wa Uingereza walizuiwa kuhitimu Oxford na Cambridge kwa ajili ya imani yao. Mawingu aliyatazama tangu utotoni kwa mapenzi tu, na Kilatini alipewa shuleni. Mwaka uliofuata insha yake ikachapwa katika jarida la Philosophical Magazine.

Kabla yake wasomi waliyaona mawingu kuwa kitu kisichoshikika. Kila wingu lina umbo lake, na umbo lenyewe halidumu dakika kumi, sasa utaliainishaje? Howard alisema ni kweli yanageuka, ila yanageuka ndani ya maumbo machache yanayojirudia, kwa sababu yanatawaliwa na mambo yale yale: joto, unyevu, upepo. Akataja maumbo matatu ya msingi. Cumulus, yaani lundo. Stratus, yaani kilichotandazwa. Na cirrus, yaani shungi la nywele. Mengine aliyapata kwa kuunganisha hayo matatu, na lile la mvua akaliita nimbus, ambalo Waroma walilitumia kwa wingu lenye mvua. Mtu wa pwani angelitafsiri hilo bila kusita: ghubari.

Naomba tulisogelee neno cirrus lenyewe. Kwa Waroma lilikuwa shungi la nywele zilizojiviringa, za mtu au za farasi pale kwenye paji la uso. Lilikuwa pia kile kitita cha manyoya kinachosimama kichwani mwa ndege. Na lilikuwa matamvua, nyuzi zinazoning'inia ukingoni mwa nguo. Sasa fungueni kamusi zetu kwenye shungi. Ni fungu la nywele, au nywele zilizosukwa. Kishungi ni shungi dogo. Ni manyoya ya kichwani mwa kuku, ndiyo maana tuna kuku wa kishungi, ambaye kwingine huitwa kisunzu. Na ni ile ncha ya kilemba inayoachwa ining'inie. Nywele, ndege, nguo. Maana zote tatu za Kilatini zimo ndani ya neno tulilokuwa nalo siku zote, na hakuna haja ya kuazima wala kubuni.

Na hapo hatujafika mwisho. Mawingu haya yakizidi, nyuzi huungana zikawa utando mweupe, mwepesi, unaofunika mbingu nzima huku jua likiendelea kuonekana nyuma yake. Huo wataalamu huuita cirrostratus, na kila wanapoueleza hutumia mfano wa kitambaa chembamba cha kujifunika. Mwanamke wa Unguja, Mombasa au Lamu anayejitanda kitambaa kichwani anakiitaje? Ushungi. Mzizi ule ule. Kwa hiyo kishungi kikitanda huwa ushungi. Mwanafunzi akiyasikia maneno hayo mawili kwa pamoja amekwisha kuelewa kwamba wingu la pili hutokana na la kwanza, jambo ambalo mimi kwa Kilatini na Kiingereza hunichukua kipindi kizima kulieleza.

Ushungi huo ndio unaolizungushia jua duara. Kila duara hilo linapotokea mchana, simu zetu hujaa picha na maneno ya kutisha: ni ishara ya vita, ni dalili ya kiama, kuna tetemeko linakuja. Kilichopo pale ni fuwele za barafu zenye pande sita, zinazoupinda mwanga wa jua kwa pembe ya nyuzi 22, ndiyo maana duara huwa na ukubwa ule ule kila mara, liwe la jua au la mwezi. Mngekuwa na jina la wingu hilo mtangazaji angesema jioni ile ile, kwa pumzi moja, kwamba leo mchana kulikuwa na ushungi angani na ndio uliolifanyia jua duara. Bila jina inabidi atoe mhadhara. Mhadhara haumo kwenye dakika tatu za utabiri, basi ananyamaza, na uvumi unapata nafasi.

Pingamizi lenu la kwanza nalijua, maana ni pingamizi la Howard mwenyewe. Mwaka 1813 Mwingereza mwenzake, Thomas Forster, aliyatafsiri majina yale kwa Kiingereza cha watu wa kawaida; cirrus akalifanya "wingu la msokoto wa nywele". Howard hakupendezwa. Alijibu kwamba faida kubwa ya majina yake ni kuwa lugha moja ambayo wasomi wa kila nchi wanaweza kupashana habari nayo bila mkalimani, na kwamba majina ya kienyeji yangeiondoa faida hiyo. Alisema kweli. Huko Ufaransa, mwaka ule ule wa 1802, mwanasayansi mkubwa Lamarck alikuwa ametoa orodha yake ya mawingu kwa Kifaransa, na orodha hiyo haikuenea. Ujerumani, Goethe, mshairi mzee mwenye jina kubwa, alimtungia Howard shairi la heshima, naye akataka majina yapokewe katika lugha zote yalivyo. Atlasi ya Kimataifa ya Mawingu ilipotoka mara ya kwanza mwaka 1896, majina ya Kilatini ndiyo yaliyoingia, na ndiyo yaliyomo hadi toleo la 2017 la Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Mtabiri wa Dar es Salaam na mwenzake wa Tokyo wanaelewana kwa herufi mbili tu: Ci.

Hilo siombi livunjwe. Vituo viendelee kuandika Ci, marubani waendelee kusoma wanachokisoma. Lakini tumtendee haki Howard kwa kuuliza kwa nini alichagua Kilatini. Alikichagua kwa sababu kila aliyepita shule Ulaya wakati ule alikijua. Msomaji wake alipokutana na neno cirrus aliona nywele. Jina lilikuwa la dunia nzima na lilikuwa na picha ndani yake. Sisi tumepokea la dunia nzima bila picha. Na Waingereza wa kawaida, mabaharia na wachungaji wao, hawakusubiri wasomi: wao huyaita mawingu haya mikia ya farasi, na mpaka leo jina hilo linaishi nyumba moja na cirrus. Hakuna ndege iliyoanguka kwa sababu hiyo.

Sasa niwaonyeshe hali ilivyo darasani. Mtoto wa Tanzania anamaliza elimu ya msingi kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza, jiografia inageuka Kiingereza. Anakutana na majina kumi ya mawingu kwenye ukurasa mmoja. Anayakariri. Kwenye daftari wengine huandika "sirasi", kama sikio lilivyopokea, na kwenye mtihani wanajaza sifa zake kwa usahihi kabisa: ya juu, meupe, membamba, ya barafu. Januari moja, kaskazi ikivuma na mbingu ikiwa safi, niliwatoa nje saa nne asubuhi. Juu yetu palikuwa na mawingu hayo hayo, mazuri kuliko picha yoyote ya kitabuni. Nikawaambia wanionyeshe sirasi. Hakuna aliyenyoosha mkono. Nikabadili swali: yale mawingu pale yanafanana na nini? Wakajibu wote kwa mara moja, karibu kwa kupigiana kelele, nywele, nywele zilizochanwa, manyoya ya kuku. Macho yao yalikuwa yameona alichokiona Howard. Neno walilopewa ndilo halikuwa na njia ya kuwafikisha kwenye macho yao.

Siku ile tulichagua wingu moja tukakaa nalo. Lilikuwa na kichwa kidogo cheupe, kimejikunja mfano wa ndoana, na mkia mrefu uliolegea kuelekea upande mmoja. Kichwani ndiko fuwele zinakozaliwa. Zikishakua huwa nzito, zinaanza kudondoka. Chini ya kichwa upepo una kasi nyingine, kwa hiyo zinapoingia humo zinavutwa zikaachwa nyuma au zikapelekwa mbele, na mkia ndio njia zilimopitia. Yaani mkia wa kishungi ni barafu inayoanguka. Inaanguka muda wote tunapoitazama, na haifiki, kwa kuwa hewa kavu ya chini yake huigeuza mvuke kabla haijashuka mbali. Katika ukanda wetu wa tropiki mawingu haya hukaa kati ya kilomita 6 na 18 kwenda juu. Kibo yenyewe, pamoja na mita zake 5,895, iko chini yake. Wanafunzi waliponyamaza kimya kulifikiria hilo, nilijua somo limeingia, na limeingia kwa Kiswahili, kwenye kipindi ambacho kwa ratiba kilipaswa kuwa cha Kiingereza.

Ndugu zangu wa Taasisi ya Elimu, hapa nawaomba mnivumilie kidogo, kwa sababu jambo hili ni zaidi ya jina. Mwaka 1885 Mwingereza Ralph Abercromby alisafiri kuizunguka dunia ili ahakikishe kama mawingu ni yale yale kila mahali, na akathibitisha kwamba maumbo hayatofautiani. Maumbo ni yale yale, lakini habari yanayoleta si ile ile. Kanuni ninayoikuta vitabuni ni kwamba cirrus zikianza kuonekana na kuzidi kutanda, mvua inakuja ndani ya siku moja hivi. Ulaya hiyo ni kweli. Kule hewa ya joto hupanda taratibu juu ya hewa ya baridi kwa mamia ya kilomita, na kishungi ndicho ncha ya mbele ya mfumo mzima. Nyuma yake unakuja ushungi, kisha mawingu ya kati, kisha mvua. Huku kwetu karibu na ikweta hatuna mipaka ya namna hiyo kati ya hewa joto na hewa baridi. Tukimfundisha mtoto wa Korogwe kanuni hiyo bila maelezo, tunamfundisha kusoma mbingu ya mtu mwingine.

Vishungi vyetu vingi ni masalia ya mawingu ya radi. Wingu la radi hupanda mpaka likafika kwenye dari la tabaka la chini la angahewa, ambalo kwetu liko juu kuliko popote duniani, kilomita 16 hivi. Likishindwa kuendelea hutanuka pembeni, likafanya bapa lile ambalo wataalamu huliita fuawe, kwa mfano wa chuma anachofulia mhunzi. Mvua ikiisha, mwili wa wingu hupotea. Fuawe hubaki juu peke yake, upepo ukaanza kulichana. Nendeni Mwanza au Musoma asubuhi ya masika mkaone. Usiku pepo za nchi kavu hutoka pande zote zikakutana katikati ya Ziwa Viktoria, maji yakiwa na joto kuliko nchi, hewa ikasukumwa juu, na radi ikapiga ziwani mpaka alfajiri. Mvuvi aliyelala nyumbani akitoka nje asubuhi anaweza asione wingu la mvua hata moja. Ataona vishungi vinavyotoka upande wa ziwa. Vinamweleza usiku ulivyokuwa huko wenzake walikokuwa. Ni taarifa ya jambo lililokwisha, wala si onyo la mvua ijayo. Hiyo ndiyo kanuni ya kwetu, na inafaa iandikwe kitabuni kabla ya ile ya Ulaya.

Ipo hali moja ambayo vishungi vinapaswa kututia wasiwasi, nayo inawahusu watu wa pwani. Kimbunga cha bahari huvuta hewa kwa chini na kuitupa nje kwa juu, na hewa hiyo ya juu hubeba vishungi hadi mamia ya kilomita mbele ya mvua na upepo. Baharia huona mistari myeupe imepangika kana kwamba yote imetoka mahali pamoja kwenye upeo wa bahari, na mahali hapo ndipo kimbunga kilipo. Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliposogea Mafia, Mamlaka mlitoa tahadhari mapema, na nawashukuru kwa dhati kwa kazi ile. Lakini yuko nahodha aliye nje siku ya pili bila redio wala mtandao. Huyo hana chombo ila macho yake na alichofundishwa kabla hajatweka tanga. Ningependa awe amefundishwa neno moja la kukiita anachokiona, ili hata mwenzake wa dau la jirani akipigiwa kelele, "vishungi vya kusini vimekusanyika", aelewe papo hapo.

BAKITA na BAKIZA, naelewa kwa nini mnakuwa waangalifu. Ngamizi na tarakilishi yalipendekezwa, na wengi wamebaki na kompyuta. Runinga ilipata watu wake. Tovuti na barua pepe yakapita moja kwa moja hata tukasahau kwamba yalitungwa. Mimi naona tofauti iko hapa: neno hupita likiwa tayari lina kitu ndani yake ambacho msikilizaji anakifahamu. Kishungi kinafahamika kwa kila aliyewahi kufuga kuku au kumwona mzee aliyevaa kilemba. Kinachotakiwa ni kukiongezea maana moja kwenye kamusi na kuitumia hadharani bila haya.

Na kishungi hakitakuwa peke yake. Kamusi za zamani zina mavundevunde, mawingu yaliyovunjikavunjika na kutawanyika angani, neno ambalo vijana wangu hawajawahi kulisikia. Lipo tayari kwa yale mawingu madogo madogo yaliyojipanga safu safu. Ghubari lipo kwa wingu la mvua. Lugha hii ilikuzwa na watu walioishi kwa kutazama juu. Walizipa pepo majina ya kaskazi, kusi, matlai na umande, na kipindi cha pepo zisizo na mwelekeo wakakiita tangambili. Walipima majira kwa nyota, wakasema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Siamini kwamba watu waangalifu kiasi hicho waliyaacha mawingu ya juu bila kuyaita kitu. Huenda jina lipo Kilwa, Pemba, Mafia au Lamu, kwa manahodha ambao umri umekwenda.

Kwa hiyo kabla hamjaamua, tumeni watu. Si lazima uwe mradi mkubwa. Maofisa wenu wa hali ya hewa tayari wapo bandarini na visiwani, na wengi ni wazawa wa huko. Wapeni picha chache zilizochapwa za mawingu ya aina zote, wakae na wazee wa vyombo, waulize: hili mnaliitaje, na likionekana mnafanya nini? Majibu yaandikwe na jina la mahali na lahaja. Mkikuta neno lililo hai ambalo ni bora kuliko kishungi, chukueni hilo, nami nitalifundisha kesho yake bila kinyongo. Msipokuta, kishungi na ushungi viko mkononi.

Kamisheni iliyo Zanzibar naiomba isimamie jambo hili ili Kenya na Tanzania zitoke na neno moja. Tukishatoka na maneno mawili tutakuwa tumelirudia kosa ambalo Howard aliliepuka. Idara na Mamlaka za hali ya hewa naziomba zilianze kulitumia kwenye utabiri wa kawaida, siku ambazo hakuna hatari yoyote, ili lizoeleke: "Kesho, vishungi angani, bila mvua, katika mikoa ya Tanga na Kilimanjaro." Mkulima wa Handeni akisikia hivyo mara tatu na mvua isinyeshe mara tatu, hatahitaji semina. Siku ya Hali ya Hewa Duniani huwa tarehe 23 Machi kila mwaka, mwanzoni mwa masika yetu. Ingefaa kuwa siku ya kulitangaza. Na Taasisi ya Elimu naiomba iliweke kwenye vitabu vya shule ya msingi, pamoja na picha zilizopigwa hapa kwetu na kanuni ya mawingu ya kwetu, ili mtoto akifika kidato cha kwanza na kukutana na cirrus, awe na mahali pa kulipachika.

Darasa langu lipo tayari. Mkiwa na rasimu ya majina, hata kama haijakamilika, niletewe niijaribu na wanafunzi 60 wa kidato cha kwanza, nje, chini ya mbingu yenyewe, kisha niwaandikie ni majina yapi waliyakumbuka baada ya mwezi mmoja na yapi waliyasahau.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa jiografia, Tanga